Redio Uliyosema Hukuizima

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata ungekuwa hai sijui kama ningestahili marahaba yako.

Leo nimeifungua kwa bisibisi ile redio yako ya mbao. Tangu ukiwa hai imekaa ofisini kwetu, juu ya meza yangu ya ukatibu wa kijiji, nami najifanya siioni. Juzi wajumbe walitaka kusikia taarifa ya habari ya mchana, nikaiwasha mwenyewe. Msomaji hajafika mbali, ikanyamaza. Ilinyamaza mkononi mwangu, Baba. Wajumbe wakacheka, mmoja akasema, "Katibu, mzee huyo kachoka." Basi. Hakuna aliyeniita mpinga ujamaa.

Wewe nilikuita hivyo. Siku ile watu walijaa uani kwako kusikiliza tangazo la kuhamia kijijini, na katikati ya tangazo ikazimika. Kila mtu alijua hutaki kuacha mashimo yako ya kulimia, ya ngolo, pale mteremkoni na mibuni uliyoipanda na Mama. Mimi, mwanao wa kuzaa, nikaruka kama niliyeumwa na siafu, nikasema mbele ya wote, "Huyu mpinga ujamaa kaizima makusudi!" Ukaniambia polepole, "Mwanangu, sijaizima. Ni swichi." Nikakutwisha redio kichwani, ukaibeba mpaka ofisini, jirani zako wakitazama. Ee Baba. Mzee mzima. Ukaitua mezani, ukaifuta vumbi kwa kofia yako, ukaondoka. Hukuigusa tena mpaka ulipofariki.

Swichi yenyewe iko nyuma ya kitufe cha sauti. Ulimi wake wa shaba umelegea, umekuwa mweusi. Mtu akipita kwa kishindo tu, unaachia. Chini yake nimekuta kipande cha bati la kopo la maziwa, umekikata na kukisokomeza hapo ili uushikilie. Kumbe ulikuwa ukihangaika ili watu wasikie tangazo lilelile usilolipenda! Nimeweka bisibisi chini, nikalia. Mlango niliufunga kwanza, maana hata leo naogopa macho ya watu.

Nimeusugua ulimi kwa msasa, nikaukunja kidogo, nikausafisha kwa spiriti. Sasa inashika. Kazi ya nusu saa, Baba, nami nilikuacha na fedheha ile mpaka kaburini. Naona aibu hata kuandika hivi.

Jumapili, baada ya misa, kuna mkutano wa kijiji. Nitaifungua redio mbele yao, niwaoneshe swichi, niseme: baba yangu alisema kweli, mimi nilimsingizia. Wakiniondoa kwenye ukatibu, na waniondoe. Naahidi. Pumzika, Baba. Kwaheri.

Nimeshamwambia Mama pia. Nilidhani atanibembeleza. Amesema atakuja kukaa mbele kabisa, na nisiposema mimi, atasimama aseme yeye.

Mwanao,
Kasiani