Kahawa ya Liuli

Jumatatu, 2 Julai 2001

Baridi. Vidole havitaki kupiga kompyuta. Ukungu umekaa mlangoni asubuhi nzima.

Mzee Mansuetus wa Mkumbi karudi tena. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: magunia yake ya kahawa ya msimu uliopita yako wapi? Anasema alileta kumi na mawili. Kompyuta inasema saba. Nikamwambia, babu, mashine haidanganyi. Akanitazama. Akasema, basi mwongo ni mgongo wangu, mwanangu.

Si yeye peke yake. Wakulima wa Mbuji nao wanalalamika. Meneja kapiga simu Dar. Anakuja mkaguzi.

Jumatano, 4 Julai 2001

Mkaguzi kafika Mbinga. Mtu wa pwani, kijana tu, makoti mawili na bado anatetemeka! Kazi yake ni wizi wa kwenye kompyuta. Sikujua kuna kazi kama hiyo.

Kakaa kwenye kiti changu, kafungua msimu mzima. Halafu katuita mmoja mmoja: uliwahi kumpa mtu pasiwedi yako? Dorothy wa fedha, hapana. Hyasinti wa ghala, hapana. Mimi, hapana.

Ni kweli. Sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 5 Julai 2001

Mkaguzi kaniita. Kanionyesha wakulima wapya walioingizwa Septemba mwaka jana. Wote wa Liuli.

Kahawa, Liuli! Nilitaka kucheka. Kule ziwani ni mchanga, muhogo na dagaa wa usipa. Mkahawa ukiupanda Liuli unakauka kabla hujafika nyumbani. Lakini mkaguzi atajuaje — kwake Ruvuma yote ni kahawa. Magunia ya kina Mansuetus yamehamishiwa kwa watu hao. Na mashine inaandika jina la kila anayeifungua. Aliyehamisha ni Kunigunda. Kila mara, Kunigunda. Mimi.

Mkulima wa kwanza: Hamphrey. Baba mkwe wangu.

Unamfahamu? Namfahamu. Yuko wapi? Nikasema, amefariki. Lini? Aprili mwaka jana. Mkaguzi akahesabu kwa vidole. Marehemu kaleta kahawa Septemba.

Nilidhani nitalia. Nikawa natazama vumbi katikati ya vitufe, nikafikiri lazima nilete kitambaa. Kasema anafunga ripoti Ijumaa ya wiki ijayo. Kama sina maelezo mengine, nitaeleza polisi.

Sawa, nikamwambia. Kama vile kaniagiza chai.

Jumapili, 8 Julai 2001

Misa. Sikumbuki hata wimbo mmoja.

Wakati wa mahubiri majina yakanijia yenyewe. Wale wakulima wengine wa Liuli — ni wachimba kaburi! Vijana waliomchimbia baba mkwe. Wote, kwa mpangilio ule ule waliosimama nao.

Ofisi ilimtuma mtu mmoja tu msibani. Hyasinti. Kaburi lilipokwisha kufukiwa alisimama akawashukuru wale vijana kwa majina, mmoja mmoja. Watu wa ziwani walimsifu sana. Mtu wa milimani, lakini ana kichwa na ana utu! Nilijivuna mwenyewe.

Na pasiwedi. Fundi aliyetufungia kompyuta alituambia tuchague namba ambayo mtu hawezi kuisahau. Siku niliyozaliwa siijui vizuri, mama anasema ilikuwa wakati wa kupanda maharage. Lakini siku ya somo! Somo wangu Mtakatifu Kunigunda, ambaye nimepewa jina lake, tarehe kumi na tatu Julai. Nikaweka 1307. Dorothy naye kaweka ya somo wake, nilimwona anahesabu. Nadhani ofisi nzima. Na kila mwaka tunapongezana, tunapeana zawadi, tunakula pamoja.

Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Hyasinti ni baba wa ubatizo wa Glorious wangu. Mwanangu alipopata malaria ya kichwa, ni yeye aliyempakia kwenye gari la ghala na kumkimbiza hospitali ya Litembo, mvua yote ile. Bila yeye sijui.

Nilipaswa kukasirika leo. Nimefua, nimeanika, nimeanua.

Jumatatu, 9 Julai 2001

Hyasinti kaja mezani kwangu, taratibu. Mama Glorious, usijitese. Sema uliacha mashine wazi ukaenda kula. Watakupa onyo tu, mimi nitakutetea.

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Mzito, una joto.

Nikamwambia asante. Asante!

Jumatano, 11 Julai 2001

Mkaguzi kashinda Liuli jana, kaenda kuwatafuta wakulima wangu. Aliyemwendesha ni Hyasinti, maana dereva wa ofisi anaumwa.

Leo kanisimulia mwenyewe, bila hasira. Mama mkwe kampokea vizuri, kampa ugali wa muhogo na samaki, kamwonyesha kaburi. Akaulizwa mikahawa iko wapi. Kacheka mpaka kakaa chini! Halafu akauliza, nani anasema mume wangu anauza kahawa? Mkaguzi akamjibu: mkwe wako.

Mama mkwe akainuka. Akaondoa sahani.

Hapo ndipo paliponiuma. Kidogo, kama jino la mbali. Bi Eunice aliyenipokea bila neno, mtu wa milimani nisiyejua hata kuparua samaki. Sasa anadhani nimemfufua mzee wake nimbebeshe magunia. Na mume wangu Nicholaus yuko huko huko, anatengeneza nyavu za baba yake. Hajanitumia salamu.

Kitu kimoja zaidi. Mkaguzi kasema dereva wake wa jana ni mtu wa ajabu. Safari yote ile, na Liuli hakushuka kwenye gari. Kasema mguu unamuuma.

Asubuhi hii nilimwona Hyasinti anapanda juu ya magunia ghalani.

Ningesema nini? Kwamba aliyemwokoa mwanangu ndiye aliyenichimbia mimi kaburi? Maneno yapo. Mdomo ndio haupo.

Ijumaa, 13 Julai 2001

Somo wangu leo. Nilisahau mpaka nilipoandika tarehe ofisini.

Mkaguzi katuambia wote tubadilishe pasiwedi kabla hajaondoka. Wekeni kitu ambacho hakuna mtu hapa anayekijua. Nikakaa mbele ya mashine. Siku ya harusi — wote walikuwepo. Siku aliyozaliwa Glorious — Dorothy ndiye aliyenishika mkono. Siku ya msiba — mh. Nimekaa, nimekaa. Sina kitu ambacho hawakijui.

Akaingia Hyasinti. Kitenge kimefungwa kwenye gazeti, kama kila mwaka. Heri ya somo, mama Glorious! Watu wakapiga makofi. Nikapokea kwa mikono miwili.

Mkaguzi akauliza sherehe gani. Dorothy huyo, mdomo haufungi: kila Mkristo ana mtakatifu wake, bwana, na mtakatifu ana siku yake, sisi hapa hiyo ndiyo birthday! Wa Kunigunda ni leo. Na mimi nilishajichanganya, hii pasiwedi mpya sijui niweke nini, ile ya somo wangu nilikuwa siisahau kamwe...

Mkaguzi akaacha kuandika. Akaniangalia mimi, akaangalia kalenda ukutani. Akauliza polepole, ni watu wangapi hapa wanaijua siku yako? Dorothy akacheka. Mbinga nzima!

Hyasinti hakucheka.

Mkaguzi akaniita nje, kwenye baridi. Mama mkwe wako aliniambia wale wakulima ndio waliochimba kaburi, na kwamba mtu mmoja wa ofisi alikuja kuzika, akawashukuru kwa majina. Jina la mtu huyo halikumbuki. Ni nani? Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Akasema ripoti ataiacha wazi mpaka kesho asubuhi, anataka jina hilo alisikie kwangu, si kwa mtu mwingine. Kasema nikinyamaza ataandika alichonacho. Na alichonacho ni jina langu.

Sasa ni jioni, niko chumbani. Hyasinti yuko sebuleni. Kaja kula, kila mwaka anakuja kula. Kuku nimempika mwenyewe. Mikono ilipika tu. Hajaniuliza mkaguzi alitaka nini. Kampakata Glorious, wanahesabu kwa Kimatengo, mtoto anakosea makusudi ili achekwe.

Kitenge kiko kitandani. Kizuri. Anajua rangi ninazopenda.

Glorious ananiita. Mama, njoo! Baba wa ubatizo anasema hawezi kuanza kula kabla yako, leo ni siku yako.

Nakuja, nimesema.

Kaita tena. Mama, baba wa ubatizo anauliza, unaandika nini?