Shamba Limenyamaza

Misigiri, 14 Mei

Baba Klara,

Salamu nyingi huko kazini. Klara amepona mafua, na yule mbuzi mweupe amezaa.

Ukipiga simu sipokei kwa sababu sauti imenikauka. Siku tisa nimeshinda kwenye mtama nikipiga debe na kuwafokea kweleakwelea. Nikiwafukuza huku, wanatua kule.

Leo hawakuja. Mama yako, na macho yake yasiyoona tena, akasikia shamba limenyamaza, akapiga vigelegele. "Mkamwana, tumewashinda! Fagia kihenge, tuweke mavuno."

Nimekifagia, Baba Klara. Ndege hawakuja kwa sababu hakuna suke lililobaki na punje, na nimeshukuru kwamba sina sauti ya kumwambia.

Ni mimi,
Mama Klara