Sanamu Inatoka kwa Rukara

Papa Carmel,

Sombe iko mu sufuria, pasha moto. Mwambie mtoto wetu Gaëlle afagie uwanja na kutoa benchi zote. Shirika lote, wakristo wote wa mtaa wetu, linakuja kusali kwetu saa kumi, na unajua ninavyopenda nyumba ikijaa. Kitambaa cheupe na mushumaa viko juu ya kabati.

Leo asubuhi mu misa, padri aliposema tupeane amani, Papa Rukara alikunyooshea mukono. Wewe ukainama kufunga kamba za viatu. Papa Carmel, ulivaa sandale! Benchi nzima ya wamama iliona. Tukitoka, Mama Esdras akaniuliza kama bwana yangu anaumwa mugongo. Nikacheka, lakini moyo uliniuma.

Najua ng'ombe zake zilikula maharagi yetu. Na mimi nililima pale.

Lakini juma hili sanamu ya Mama Maria ililala kwake, na desturi unaijua: nyumba iliyomukaribisha njo inamubeba mpaka nyumba inayofuata. Inayofuata ni yetu. Rukara atamuleta mwenyewe, na baba wa nyumba njo anamupokea.

~~Kama hutaki, enda kwa shamba, nitamupokea mimi.~~ Hapana, nimefuta. Utasimama pa mulango.

Nimeenda kwao ili nitembee nao tukiimba. Ukisikia wimbo, toka. Hauwezi kumupokea Mama Maria bila kugusa mikono inayomubeba.

Ni mimi, bibi yako,
Mama Carmel