Bakshishi ya Fauzi

Rachida, upo?

Fauzi kaja leo kasinoni. Fauzi wetu wa madrasa, yule aliyetoweka Mocímboa vijiji vilipoanza kuchomwa na wale wapiganaji wa msituni! Kakaa mezani kwangu ninapogawa karata, kucheza hataki. Kutoka rundo la kete zake za kuchezea pesa, kanisukumia moja tu: "Bakshishi yako."

Nikafanya kama tunavyofanya siku zote. Nikaigonga mezani, nikaitia kwenye sanduku la bakshishi, nikamwonyesha viganja vitupu. "Obrigada, asante, kaka."

Akauliza, "Mbona huiweki mfukoni?" Nikamwambia ni ya wote, tunagawana Ijumaa baada ya swala.

"Hata walinzi?"

Nami mjinga, si tumefundishwa aliyetoa bakshishi ajibiwe kwa tabasamu? "Hata walinzi. Wote wanaingia ndani kuchukua chao."

"Getini anabaki nani?"

Nikacheka, Rachida. NIKACHEKA. Nikasema, "Anabaki Mungu."

Yeye hakucheka. Kanyanyuka, kaondoka, kete zake nyingine zote kaziacha mezani.

Nimemkimbilia bosi, nikamwambia Fauzi kaulizia geti. Ati mteja anayetoa bakshishi bila kucheza ndiye mteja mzuri, nirudi kazini.

Kesho Ijumaa. Walinzi wameshaanza kuulizana sanduku limejaa kiasi gani.