Zile Fomu Ulizoandika "Si Kweli"

Mpemba,
Jumapili, 16 Septemba 1984.

Mdogo wangu Gidioni,

Juzi Ijumaa wamekuja kuchukua fomu zako, nami nimewapa. Nakuambia hili kabla hata ya salamu, kwa sababu nisipolisema sasa nitazunguka mpaka karatasi iishe, na karatasi siku hizi unajua zilivyo adimu. Barua hii sina pa kuituma. Nitaiacha wazi hapa nyumbani, na mtu yeyote wa chuoni kwenu atakayefika, naomba aisome.

Aliyekuja ni mwalimu mmoja wa idara yenu, bado kijana, ana adabu. Alinipa pole ya msiba, akanywa maji, kisha akatoa barua yenye mhuri. Walitaka fomu zote za maswali ya chakula ulizojaza hapa kijijini Mpemba. Kuna profesa mgeni anaandika ripoti kuhusu akiba ya chakula vijijini, na walimu wa idara wametumwa wamkusanyie.

Mimi nakumbuka siku ulipozijaza. Ilikuwa likizo, miaka mitatu iliyopita, mvua zimeanza. Ulikuja na gari la Chuo, mwenyekiti wa kijiji akakuwekea meza ofisini kwake, na wanaume wakajipanga mlangoni kama siku ya kura. Nilipita na ndoo kichwani nikakuona umeinama unaandika, shati limenyooshwa vizuri. Nilipunguza mwendo ili wanawake wenzangu nao wakuone. Mimi niliishia darasa la nne, na mdogo wangu anaandikia Chuo Kikuu maneno ya watu wa kwetu.

Siku ya nne ulikuja kula kwangu ukiwa na furaha sana.

"Dada, fomu mia na zaidi. Wenzangu hawajawahi kupata hata nusu yake."

"Na shemeji yako ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Amebakiwa na magunia nane."

Nikaweka mwiko chini. "Nane yako wapi?"

Mume wangu alikuwa mlangoni anatia jembe mpini. Alicheka mpaka jembe likamponyoka. "Sasa ningesema sijui, shemeji? Mbele ya mwenyekiti, na wewe msomi wetu umeshika kalamu?"

"Hujui mahindi yaliyo nyumbani kwako?"

"Nitajuaje? Kihenge ni cha dada yako. Mimi nikikichungulia kesho kijiji kizima kitasema nawapimia watoto chakula."

Ulikuwa umezaliwa hapa hapa, Gidioni, umekula kutoka kihenge cha mama, na hukuwahi kumwona baba akikisogelea. Lakini fomu ilisema aulizwe mkuu wa kaya, nawe ukamwuliza mkuu wa kaya. Ulikuwa umesoma ng'ambo muda mrefu, na fomu yenyewe ilitoka huko.

Kesho yake asubuhi tulikwenda wote kwa jirani yangu Mama Sekela. Ulimsomea kwenye fomu kwamba mumewe ana magunia kumi na mawili. Aliendelea kuchambua maharage kwanza.

"Baba Sekela kasema hivyo? Basi mwombe akuonyeshe. Mimi tangu mwezi uliopita nawapikia ulezi. Kihenge changu yeye anakijua mgongo tu."

"Kwa nini hamkuja kuniambia, mama?"

"Ulituita? Tulikuona umekaa na wanaume, tukajua ni mambo ya wanaume."

Tulizunguka nyumba kumi na moja siku ile, na hakuna hata moja ambayo hesabu ya mume ilifanana na ya mke. Jioni ulizifunga fomu zote kwa kamba ya katani, juu yake ukaweka karatasi, ukaandika kwa kalamu nyekundu: SI KWELI. Ukakaa kwenye kigoda changu kidogo, magoti yamefika kidevuni. Ulisema maneno ambayo sijayasahau.

"Dada, huu ni mwaka wa nne nafundisha watu namna ya kufanya utafiti. Mimi mwenyewe hakuna aliyenifundisha kuuliza."

Sikukuelewa vizuri siku ile. Nilielewa taratibu, kila uliporudi. Ulirudi kutoka ng'ambo na shahada, wageni waliokuwa wakifundisha wakaondoka, ukapewa masomo yao yote siku hiyo hiyo. Ulifundisha kutoka asubuhi mpaka jioni kwa kitabu kimoja cha nchi nyingine. Ukiandika jambo, hakukuwa na mkubwa wa kukaa nawe akuonyeshe ulipokosea, kwa sababu wakubwa nao walipita njia hiyo hiyo. Mara nyingine ulikuja na mtaalamu wa kizungu, yeye akauliza na wewe ukatafsiri. Nilikuuliza kama kazi ilikwenda vizuri, ukasema, "Mimi nilikuwa mdomo tu."

Ndipo ulipoanza lile daftari lenye jalada la kijani. Uliandika kila kosa ulilofanya na namna ulivyoligundua. Nani wa kuulizwa, na aulizwe akiwa wapi. Swali lipi linamtia mtu aibu. Ulitaka walimu wenzako waje kila likizo, wachache wachache, wakae majumbani kwa watu wiki mbili wajifunze kuuliza kabla ya kwenda kufundisha. Uliandika maombi. Ulijibiwa petroli hakuna. Ukaandika kwamba mtakuja kwa treni, ukajibiwa karatasi hakuna. Ukaandika kwamba karatasi mtajitafutia, safari hiyo hukujibiwa kabisa.

Hata hivyo uliwaleta wawili, likizo moja tu. Mwalimu Halima wa Tanga na yule mrefu aliyeogopa bata wangu. Halima alikaa jikoni kwa Mama Sekela akaanza swali lake, refu, lina sehemu tatu. Mama Sekela akamwambia, "Mwalimu, koroga uji huku unauliza. Ukiungua, ujue swali lilikuwa refu." Uji uliungua. Siku ya pili uliungua kidogo. Siku ya tano Halima alikuwa anauliza mambo mafupi kama mtu wa nyumbani, na Mama Sekela akamfunulia kihenge mwenyewe, bila kuombwa. Wewe ulikuwa umesimama nje kwenye manyunyu, unatabasamu, huingii. Nadhani ile ndiyo siku niliyokuona una raha kuliko zote, kuliko hata siku ya shahada.

Mwezi wa sita mwaka huu ulishuka kwenye treni pale Tunduma unaumwa, umeshikwa mkono na abiria mwenzako. Hayo sitaki kuyaandika. Ulipokuwa hospitalini uliniuliza kama fomu na daftari viko mahali pakavu. Nikakuambia viko. Ukasema, "Wakija, wape daftari." Nilikuahidi.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilimtolea yule mwalimu vyote viwili, nikamweleza mambo yalivyo: wanaume hawachungulii vihenge, hesabu hizi walizibuni kwa aibu, mwenye fomu mwenyewe alizikataa. Alisikiliza. Kisha akafungua daftari, akageuza kurasa mbili tatu.

"Mama, humu hamna hesabu. Haya ni masimulizi."

"Ni ya kuwafundishia nyie walimu."

"Naelewa, mama. Lakini ripoti inataka hesabu, na hizi zipo tayari."

"Si za kweli."

"Zimejazwa na mtafiti wa Chuo," akasema kwa upole, "na ni mali ya Chuo."

Nilimwomba alale, asubuhi nimpeleke kwa Mama Sekela akasikie mwenyewe. Akasema gari linamngoja Tunduma. Nikatazama mhuri. Gidioni, mimi ni mtu wa darasa la nne, nilipouona mhuri mikono yangu ilitoa mzigo yenyewe. Akaichomoa ile karatasi yako ya kalamu nyekundu kutoka chini ya kamba, akaiweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayetoa jani kwenye nguo ya mwenzake. "Hii haihitajiki," akasema. Na daftari akaliacha.

Mwaka huu mvua zilitukatikia mapema. Ripoti hiyo itasema Mpemba tuna akiba, na chini yake watakuandika jina. Watu watakaoisoma watakuwa mbali, na wataamini, kwa nini wasiamini? Nimekasirika tangu Ijumaa. Nikifagia nimekasirika, nikisali nimekasirika. Simkasirikii yule kijana sana. Alikuwa amechoka, viatu vimekwisha, na alipofungua lile daftari nilikuona wewe wa miaka ile na kalamu yako, hakuna aliyekufundisha. Nawakasirikia wanaomtuma hivyo alivyo. Na mimi mwenyewe, kwa kuachia.

Mume wangu amesema tuandike barua. Nimemwambia barua uliandika wewe za kutosha. Keshokutwa napanda treni pale Tunduma, na daftari nitalifunga ndani ya kitenge. Mama Sekela anakuja pamoja nami. Amesema kama hawaamini daftari watamwuliza yeye, na wamwulize jikoni. Tutamtafuta Mwalimu Halima kwanza. Sijui kama watatupokea, wala kama fomu zitakuwa hazijaondoka na mgeni wao. Sijawahi kufika Dar es Salaam, na naogopa ngazi za majumba yenu. Lakini nitasema jina lako, kisha nitasema hesabu zile si zako, ulizikataa, na hiki hapa ndicho ulichotaka walimu wajifunze. Nimeyarudia maneno hayo nikichota maji ili yasinitoke.

Pumzika, mdogo wangu. Na huko uliko, ukinikumbuka, usinikumbuke juzi mbele ya mhuri. Nikumbuke nilipoweka mwiko chini nikakuuliza nane yako wapi.

Ni mimi,
dada yako.