Bwana Nusu Hataki Kukata

Jumatatu, 3 Novemba

Kikao cha wiki. Bosi wetu — Bwana Nusu, jina tulilompa kwa heshima zote — ana tabia moja. Ukimwambia kazi ni siku kumi, anaandika tano. Haulizi, anakata tu, kama mtu anayenunua viatu barabarani. Zamani nilikuwa nasema kweli, nikaishia kulala ofisini shavu juu ya kibodi. Siku hizi ofisi nzima tunazidisha mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Yeye anakata, sisi tunabaki na ukweli. Amani.

Leo kanipa nitengeneze mfumo wa kompyuta wa maduka ya dawa: uwatumie wagonjwa ujumbe dawa zao zikikaribia kuisha. Kichwani nikapata siku kumi za kazi, yaani Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Nikasema ishirini, uso mkavu.

Akaandika ishirini.

Nikasubiri akate. Wapi! Kumbe Jumamosi alikuwa semina ya viongozi, karudi na fulana mpya na imani mpya. Eti kuanzia leo anawaamini wataalamu wake. Kalamu kaifunika. Mwisho wa kazi: tarehe 28. Wenzangu wote wakawa wanasoma sakafu.

Jumatano, 5 Novemba

Mama kapata tarehe ya kuondolewa mtoto wa jicho: Alhamisi, tarehe 20. Fundi cherehani maisha yake yote, sasa uzi anautunga kwa kuotea. Kasema, "Wasinishike jicho kama wewe hupo. Nitavaa viatu vyangu nirudi." Na atarudi. Mara ya kwanza alishuka kitandani hivyo hivyo, daktari kabaki na glavu mkononi.

Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa kuanzia tarehe 19. Kanionyesha ubao, kwa upole kabisa. Kazi yako inaisha 28, si umesema mwenyewe? Yeye ni nani aingilie hesabu za mtaalamu? Kanipigapiga begani.

Miaka yote kanikatia siku zangu bila huruma. Leo namtaka akate — hataki!

Ijumaa, 7 Novemba

Kazi inakwenda mbio. Ndiyo shida yenyewe. Nikimaliza kabla, atajua tulivyokuwa tunamzidishia hesabu.

Mpekuzi, kijana anayejaribu mifumo yetu kabla haijatoka, kaniwahi kwenye mashine ya maji. "Dada, ukimaliza mapema umetuuza wote. Ataacha nusu, aanze robo." Nikamwambia ana mama na yeye. Kasema anaye, na macho yake mazima. Mshenzi. Nikacheka.

Alhamisi, 13 Novemba

Imekwisha! Siku moja kabla ya hesabu yangu ya kweli. Mimi sikufundishwa haya na profesa, nilijifundisha kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na kazi yangu najua uzito wake.

Nimeificha. Mchana kutwa nimekunja uso mbele ya skrini, nahema, najikuna kichwa. Bosi kaniona, kaniletea chai kwa mkono wake. Kasema nisijiumize. Aibu ilinipata, lakini chai niliimaliza.

Jumatatu, 17 Novemba

Kikaoni kaniuliza nimefika wapi. Nikasema nusu. Akafurahi! Mpekuzi akapatwa na kikohozi.

Jioni mama kapiga simu. Kajishonea mfuko wa vitu vya hospitali, jirani kamwambia mshono umekwenda upande. Hakuuona. Yeye, ambaye mshono wangu wa shule aliufumua mara tatu kwa kupotoka uzi mmoja! Nikamwambia nitakuja. Kaniuliza, lini? Nikamwambia kesho kutwa. Sijui nilisema kwa kinywa cha nani.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekuja na begi la safari, lipo chini ya meza.

Saa tisa bosi kaniita, kafunga mlango. Nikajua nimeshikwa. Kumbe aliyeshikwa ni yeye. Yeye alimwambia mwenye maduka ya dawa siku arobaini, kwa sababu jamaa naye hukata nusu kila mara. Safari hii hakukata — walikaa meza moja kwenye ile semina! Kasema arobaini ni nyingi mno, kesho asubuhi anampa kazi mtu mwingine.

Bosi akajifuta shingo. "Dada, niambie bila chumvi. Ni siku ngapi kweli?"

Tangu nianze kazi hapa hajawahi kuniuliza hivyo. Nikaomba nikapige hesabu kidogo. Kanipa mpaka saa kumi na moja.

Sasa ni kumi na nusu. Habari imeshazunguka, kila meza inanitazama. Mpekuzi kapita akininong'oneza nimwambie tano tu, siri yetu ibaki. Tano! Siku tano kuanzia leo, mama atakuwa ameshavaa viatu vyake siku nyingi.

Bosi naye ananiangalia kupitia kioo. Kalamu ameifungua.

Begi nimelitoa chini ya meza, nimelivaa begani. Ninayo namba moja tu ambayo hata yeye hawezi kuikata nusu, sifuri, na mlango wake ni hatua chache tu — naenda kuisema.