Kucha za Banza

Jumanne, 14 Oktoba 2014

Nimefika Bruxelles. Baridi! Graciella, binti wa marehemu kaka yangu Banza, kanipokea kwa mabusu ya mashavuni, halafu kanipeleka wapi? Hekaluni kwa Mabudha, huku Uccle! Mimi, Mmetodisti wa kuzaliwa! Shangazi anatoka Likasi, kule Kongo, kwa ajili ya msiba, analazwa kwa sanamu. Kwetu mgeni hupewa kitanda, mwenye nyumba akalala chini.

"Bon, tantine, usikasirike. Studio yangu ya Ganshoren iko petit, chumba kimoja tu. Na hapa utakuwa karibu na papa."

Nikadhani mochwari iko jirani. Chumba kinanuka ubani hadi kooni. Nimetandika kitenge changu juu ya shuka lao.

Bora nifanye kilichonileta, niondoke. Wazee wamesema: mwili umeshindikana kurudi, basi nilete nywele na kucha za Banza, tuzizike nyumbani. Kaburi limeshachimbwa. Mama yetu bado analala mkekani — hatainuka mpaka mwanawe azikwe.

Jumatano, 15 Oktoba

Aibu! Asubuhi nimekuta mwanamke kanyoa kichwa chote. Nikamshika mikono, nikamlilia: pole maman, umefiwa na mume au mtoto? Kumbe mtawa! Wote hapa hunyoa. Akanipa chai isiyo na sukari. Pwah!

Chakula: majani, na kitu cheupe kinachotetemeka. Nyama hakuna. Hata kitunguu — eti kinaamsha tamaa. Tamaa gani, kwa umri wangu? Mbele ya sanamu wamepanga machungwa na biskuti. Sanamu inakula kuliko mgeni.

Mchana Graciella alikuja. Nikamwuliza, nywele na kucha za baba yako umeziweka wapi? Akatazama soksi zake.

"Tantine... papa balimuchoma. Ni yeye mwenyewe alitaka."

Walimchoma! Kaka yangu, kama takataka za nyuma ya nyumba! Nikaita Yesu kwa sauti, mpaka mtawa akaja mbio. Graciella analia, anasema baba yake alipougua alikuwa anakuja hapa kila Jumapili kukaa kimya. Banza, kukaa kimya! Yule wa kwaya! Eti majivu yake yamo humuhumu, chini ya chumba ninacholala.

Nimetapika yale majani yote.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mtawa kaniletea chungu chenye kifuniko. Kakiweka mezani, kainama, katoka.

Nilizunguka chumba, niliimba nyimbo zetu za kanisa, nilikifunika na taulo. Kucha hakuna humu. Nywele hakuna. Wazee nitawaambia nini? Mama atainuka mkekani kwa ajili ya vumbi?

Nikafungua.

Si kama majivu ya jikoni. Kuna vipande, vidogo, vyeupe. Mfupa ni mfupa, wazee hawawezi kuukataa. Nikatia mkono, nikachambua kama mtu anayechambua maharagwe, machozi yananitoka. Vichache nimevifunga kwenye pindo la kitenge.

Sasa Graciella anagonga mlango.

"Tantine, chakula iko tayari. Nawa mikono, ukuje."

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto. Wa kulia ni mweupe hadi kwenye kifundo. Bomba liko hapo, na sabuni. Lakini nikinawa, Banza anaingia kwenye mtaro wa Wazungu.

Anagonga tena —